Albamu ya mama mkwe ina nyuso zisizo na majina: nianzie wapi?

SWALI: Mama mkwe wangu alifariki mwaka jana hapa Leeds, akatuachia albamu nene yenye jalada la ngozi na kifungo cha shaba. Ndani mna picha zipatazo hamsini za watu wa zamani, wanaume wenye ndevu na wanawake wenye magauni mapana. Mbili tu zina maandishi, na moja imeandikwa "mama" basi. Kadi nyingi zina jina la studio ya Bradford, chache zinatoka Melbourne, Australia. Wifi yangu anasema mwanamke wa ukurasa wa kwanza aliyevaa nyeusi ni mjane, mama wa bibi yao. Anasema pia kuna mtoto wa kiume aliyepigwa picha akiwa maiti, kwa sababu nyuma ya miguu yake kunaonekana chuma cha kumsimamisha. Tangu aniambie hivyo sitaki kuifungua albamu usiku. Halafu kuna Mwafrika mmoja mzee mwenye mavazi ya kasisi, na wanangu wanauliza kama ni babu yao. Nataka kuzitoa zote nizipange upya kwenye albamu ya kisasa yenye majina. Nianzie wapi?

JIBU: Pole sana kwa kufiwa, dada. Kabla ya mengine yote nakuomba usizihamishe picha hizo. Mpangilio wa albamu ya zamani ni ushahidi, na mara nyingi ndio ushahidi pekee uliobaki baada ya waliozijua sura hizo kufariki. Aliyeipanga alikuwa na sababu za kumweka mtu fulani mwanzoni, za kuwaweka wawili wakitazamana, za kuwasogeza wengine nyuma kabisa. Ukishazichanganya, sababu hizo hazirudi.

Kwa hiyo anza kwa kupiga picha kila ukurasa kwa simu, kuanzia jalada la mbele mpaka la nyuma, kurasa tupu nazo zikiwemo. Dirisha (nafasi ya kuwekea picha) lililo tupu maana yake huenda kuna picha iliyotolewa, na huenda ipo kwa binamu fulani hadi leo. Angalia pia kama ukurasa wa mwanzo una orodha yenye namba. Baadhi ya albamu zilichapwa na orodha hiyo ili mwenyewe aandike majina, na wino au penseli yake hufifia hadi haionekani bila kumulika taa kutoka pembeni. Baada ya hapo ndipo utoe kadi mojamoja uone mgongo wake. Kila dirisha lina mwanya, aghalabu upande wa chini, ambako kadi iliingizwa. Karatasi ya umri huo hupasuka upesi, basi usivute kwa kucha. Penyeza ukanda mwembamba wa plastiki laini nyuma ya kadi, uitelezeshe polepole, na ikikataa iache. Skani mbele na nyuma kwa nukta 600 kwa inchi, kisha irudishe palepale. Usifute kwa kitambaa chenye maji: picha nyingi za wakati huo zimekaa juu ya utando wa ute wa yai, na unyevu unauharibu.

Sasa huyo mtoto, maana naona ndiye anayekunyima raha. Mtoto huyo alikuwa hai. Chuma ulichokiona ni kitako cha stendi ya studio. Tangu 1851, Frederick Scott Archer alipotangaza njia yake ya kupiga picha kwenye kioo kilichopakwa kolodioni (dawa ya kunata) na kutumiwa kikiwa bado kibichi, mtu alitakiwa kutulia kwa sekunde kadhaa, na katika studio yenye mwanga hafifu zaidi ya hapo. Mtoto hawezi. Basi nyuma yake iliwekwa nguzo nyembamba ya chuma yenye koleo ndogo ya kushika kisogo au kiuno, asiyumbe. Stendi ile haikuwa na uwezo wa kubeba uzito wa mwili usio na uhai. Kwa hiyo kitako chake kikionekana, mtu aliyesimama pale alikuwa akipumua na kuchoka.

Picha za waliofariki zilikuwepo kweli, wala hazikuwa jambo la aibu. Uingereza ya wakati huo ilizika takribani watoto 150 katika kila 1,000 waliozaliwa kabla hawajatimiza mwaka, na wazazi wengi hawakuwa na picha nyingine ya mtoto wao. Lakini katika picha hizo mtoto amelazwa kitandani, au kwenye jeneza, au mapajani mwa mama yake, kama aliyelala. Habari ya maiti kusimamishwa kwa vyuma imeenezwa na intaneti na wauza vitu vya kale, kwa kuwa kadi inayoitwa ya maiti huuzwa bei kubwa kuliko kadi ya mtoto aliye hai. Mwambie wifi hivyo kwa upole. Na kama kilichomtisha ni macho meupe ya mtoto, sababu ipo: vioo vya kolodioni viliona rangi ya buluu kama vile ni nyeupe, basi mwenye macho ya buluu hutoka kana kwamba hana mboni.

Tabia hiyohiyo ya vioo inanifanya nisikubali haraka habari ya mjane. Kama vilivyoipausha buluu, ndivyo vilivyofanya nyekundu na manjano kuwa giza. Gauni jekundu, la kahawia au la kijani kibichi kilichokolea linaweza kutoka jeusi tii. (Kanga nyekundu iliyopigwa picha Unguja miaka hiyo nayo hutudanganya vivyo hivyo.) Hata gauni likiwa jeusi kweli, hariri nyeusi ndiyo iliyokuwa nguo bora ya wanawake wengi wenye heshima zao, nguo ya kanisani na ya studio. Msiba una alama zake: kitambaa cha krepu kisichong'aa hata kidogo, kofia nyeupe ya mjane, vito vya jiwe jeusi kama lile lililochimbwa Whitby huko huko Yorkshire. Ukiona hariri inayometa, kola ya lesi na mkufu wa dhahabu, basi amevaa tu nguo yake nzuri.

Lakini yuko ukurasa wa kwanza, na hapo nina shaka nyingine. Linganisha uso wake na picha za Malkia Victoria. Sifanyi utani. Agosti 1860 mpiga picha John Mayall alitoa seti ya picha za Malkia na mume wake Albert kwenye kadi ndogo, zikanunuliwa kwa wingi usiowahi kuonekana. Albert alifariki tarehe 14 Desemba 1861, Malkia akavaa nyeusi hadi alipokufa yeye mwenyewe mwaka 1901, na picha za ujane wake zikauzwa madukani miaka yote hiyo. Familia nyingi zilimpa ukurasa wa kwanza wa albamu. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, amevaa kofia nyeupe ya mjane, anatazama chini au pembeni: wajukuu wengi wamemwita bibi yao bila kujua ni nani.

Hili ni kubwa kuliko ukurasa mmoja. Kadi hizi ndogo zilianza Paris, ambako André Disdéri alipata hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1854 ya kupiga picha kadhaa kwenye kioo kimoja. Bei ikashuka, na kufikia 1860 watu wa kawaida waliweza kuzimudu. Kadi ina ukubwa wa sentimita 10 kwa 6.3 hivi, ndiyo maana madirisha ya albamu za nchi nyingi yanalingana. Kadi kubwa, ya sentimita 16.5 kwa 10.8, ilifuata mwaka 1866. Na kwa kuwa kadi ya Malkia na kadi ya shangazi zilikuwa za ukubwa mmoja, ziliingia albamu moja. Maduka ya vitabu yaliuza wana wa kifalme, majenerali, wahubiri, waigizaji, wasafiri. Kuna kadi ya 1868 ya Alexandra, mke wa mrithi wa kiti, akiwa amembeba binti yake mgongoni; iliuzwa kwa mamia ya maelfu, na leo inapatikana kwenye albamu za watu wasio na undugu wowote na ikulu. Kwa hiyo usiichukue albamu kama shajara ya ukoo. Wamo ndugu, wamo majirani, yumo kasisi wa parokia, na wamo watu ambao mwenye albamu hakuwahi kukutana nao hata siku moja.

Hapo ndipo ninapomtafuta mzee wenu wa Kiafrika. Wa kwanza kumlinganisha naye ni Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyetekwa utumwani akiwa kijana, akaokolewa baharini, na mwaka 1864 akawekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury. Jumuiya za kimisionari zilimheshimu sana na picha zake zilisambaa miongoni mwa waumini wa Kianglikana. National Portrait Gallery ya London, jumba la picha za watu, ina mkusanyo mkubwa wa kadi za wakati huo unaoonekana bure mtandaoni; anza huko. Asipokuwa yeye, fikiria wengine. Waimbaji wa Fisk Jubilee Singers, wengi wao waliozaliwa utumwani Marekani, walizuru Uingereza 1873 na kadi zao zikauzwa. Abdullah Susi na James Chuma, waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani, walifika Uingereza 1874 na kupigwa picha. Sultani Barghash wa Zanzibar naye alipigwa picha London katika ziara yake ya 1875.

Ila usiwaambie watoto kwamba haiwezekani kuwa babu yao. Waafrika waliishi Uingereza enzi hizo kama mabaharia, wanafunzi, watumishi, wahubiri, na wengine walioa huko. Mgongo wa kadi ndio utakaoamua. Kadi ya mtu mashuhuri mara nyingi ina jina lake limechapwa chini, au jina la studio kubwa ya London. Kadi ya jirani ina studio ya mtaani. Na picha za mashuhuri zina njia nyingine: kuanzia 1862 wapiga picha waliotaka kulinda haki zao walisajili picha hizo, na fomu zao, nyingi zikiwa na nakala ya picha, zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London.

Tuje kwa wasio mashuhuri, ambao ndio wengi. Usianze na uso. Anza na kadi. Ya mwanzoni mwa miaka ya 1860 ni nyembamba, kona zake zimekatwa mraba, mgongoni mna jina na anwani tu ya mpiga picha, au hamna kitu. Mtu anaonekana mzima toka kichwani hadi miguuni, kando ya nguzo ya bandia na pazia. Katika miaka ya 1870 kona zinaviringwa, karatasi inanenepa, kamera inasogea karibu. Miaka ya 1880 mgongo mzima unajaa mapambo, pamoja na mianzi, ndege na mapepeo ya Kijapani, na kingo zinapakwa rangi ya dhahabu. Nishani zinasaidia pia: mgongo ukitaja nishani ya maonyesho ya Paris ya 1878, kadi haikuchapwa kabla ya hapo. Mkikuta kadi ya Marekani yenye stempu ya kodi nyuma, ni ya kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866, kwani kodi hiyo ilidumu muda huo tu.

Kisha mavazi ya wanawake, ambayo ni saa nzuri kuliko ya wanaume. Sketi pana kama kuba, iliyotandazwa kwa pete za chuma, ni ya mwisho wa miaka ya 1850 na ya 1860. Sketi iliyobebwa nyuma ya kiuno ni ya kuanzia 1870 hivi, ikapungua, ikarudi kwa nguvu kati ya 1883 na 1889. Mikono iliyotuna sana mabegani ni ya katikati ya miaka ya 1890. Nywele zilizogawanywa katikati na kulazwa juu ya masikio ni za miaka ya 1860. Ukungu wa nywele fupi kwenye paji la uso ni wa miaka ya 1880. Mwamini zaidi msichana kuliko bibi, kwa maana bibi wa miaka sabini aliweza kuendelea na mtindo wa ujana wake. Na usihesabu wavulana kwa gauni: watoto wa kiume walivaa gauni mpaka miaka minne, mitano, hata sita. Nywele za mvulana hugawanywa ubavuni, za msichana katikati, ingawa si sheria.

Kuna mtego mmoja hapo. Studio nyingi ziliandika mgongoni kwamba negativu (kioo cha awali cha kuchapia picha) imetunzwa na nakala zaidi zinapatikana wakati wowote. Pia watu walipeleka picha za miaka ya 1840 zikapigwe upya kwenye kadi. Ukiona mavazi ni ya zamani kuliko kadi, amini mavazi kwa siku ya picha, na amini kadi kwa siku ya kuchapwa. Kadi ya namna hiyo ina thamani kubwa katika utafiti, kwani aghalabu ilichapwa kwa sababu mtu huyo alikuwa amefariki na ndugu wakataka sura yake.

Ukishapata miaka, kadiria umri. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, kwenye kadi ya 1863 hadi 1867, alizaliwa kati ya 1830 na 1840 au karibu na hapo. Sasa uliza: ni nani katika ukoo aliyezaliwa miaka hiyo na kuishi karibu na Bradford? Sensa za 1861, 1871 na 1881 zitakujibu. Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa kuwa hutafuta jina la ukoo wa mume. Albamu hizi mara nyingi zilirithiwa kwa upande wa wanawake. Albamu imetoka kwa mama mkwe wako. Je, yeye aliipata kwa mama yake, na huyo kwa mama yake? Basi majina unayoyahitaji ni ya ukoo wa mama wa mama mkwe, na kila kizazi jina limebadilika kwa ndoa. Chora mstari huo wa wanawake kwanza, pamoja na dada zao na waume zao.

Mstari huo ndio utakaofungua hata ile kadi ya "mama". Neno hilo halikuambii chochote mpaka ujue liliandikwa na nani. Tafuta mwandiko huohuo kwenye kitu chenye jina: Biblia ya familia, barua, kitabu cha mapishi, mgongo wa picha ya miaka ya 1920. Kama mwandiko ni wa bibi wa mama mkwe, yaelekea mwanamke huyo ni mama yake. Nakushauri uanze na kadi hiyo kabla ya nyingine zote.

Halafu chunguza studio yenyewe. Vitabu vya anwani za biashara vya karne ile vinaonyesha mpiga picha alikuwa mtaa gani mwaka gani. Chuo Kikuu cha Leicester kimeweka vingi mtandaoni bila malipo. Studio zilihama mara kwa mara, na anwani iliyodumu miaka mitatu inakupa miaka mitatu. Kama mgongoni kuna namba ya negativu iliyoandikwa kwa mkono, inakili. Kadi mbili za studio moja zenye namba zinazofuatana, tuseme 4117 na 4118, yaelekea ni za watu walioingia pamoja siku hiyo. Hata bila namba, linganisha zulia, kiti, nguzo ya bandia. Zulia lilelile na pazia lililokunjwa vilevile huwaunganisha watu ambao albamu imewaweka mbali.

Madaftari ya studio yangetumalizia kazi, lakini mengi sana yalitupwa. Yaliyobaki yanaonyesha tumepoteza nini. Camille Silvy, Mfaransa aliyefanya kazi London kati ya 1859 na 1868, alibandika kila picha kwenye daftari pamoja na jina la mteja, na madaftari yake yapo National Portrait Gallery. Humo yumo Sarah Forbes Bonetta, binti wa Afrika Magharibi aliyelelewa chini ya ulinzi wa Malkia, amepigwa picha Septemba 1862 pamoja na mumewe James Davies, wiki chache baada ya harusi yao Brighton. Bila daftari lile, mtu angeweza kuikuta kadi hiyo dukani leo na kuiita "mwanamke asiyejulikana".

Kwa ukoo usio na daftari la studio, njia ninayoiamini kuliko zote ni kutafuta nakala pacha. Kadi hizi ziliuzwa kwa dazeni. Mtu alibaki na moja au mbili, nyingine akazigawa kwa dada, wajomba na rafiki, na kuwatumia waliohama. Kwa hiyo sura unayoitazama Leeds huenda imo kwenye albamu ya binamu wa mbali, na huko mtu aliandika jina. Zile kadi za Melbourne ndizo zinanipa matumaini. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1851 katika koloni la Victoria, kule kwenye mji wa Melbourne, Waingereza wengi walihamia huko, na kadi zilikwenda na kurudi kwa meli. Mtafute nani katika mstari ule wa wanawake alikuwa na kaka au dada Australia, kisha watafute wazao wake kwenye tovuti za nasaba na uwatumie picha za kurasa zenu. Usiwatumie uso mmoja. Watumie ukurasa mzima, kwa kuwa mtu akimtambua mmoja huanza kuwaona na waliomzunguka.

Suala la kufanana kwa sura nimeliacha mwisho, kwa makusudi. Programu za kulinganisha nyuso zinaweza kukupa dokezo, lakini ndugu wanafanana, na pua ya ukoo haina jina. Jina lisilo sahihi lina madhara makubwa kuliko nafasi tupu: likishapandishwa mtandaoni, wengine watalinakili na halitafutika tena. Ukilidhani jina, andika kwamba unadhani, na kwa sababu gani. Andika kwa penseli laini mgongoni pembeni, kamwe si kalamu ya wino, au kwenye karatasi tofauti yenye namba ya ukurasa. Asiyejulikana mpe unachokijua: "hajulikani, mwanamke wa miaka 30 hivi, studio ya Bradford, takriban 1865, ukurasa wa 12".

Albamu ya kisasa uliyoitaka ifanye kwa nakala za skani. Humo wapange watu kwa vizazi upendavyo, na ya zamani ikae kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu, mbali na dari na chumba cha chini. Kisha nitumie vitu vitatu: mgongo wa kadi ya kasisi, ukurasa wa kwanza wote, na kadi ya "mama" pamoja na barua yoyote ya bibi wa mama mkwe. Kwa hivyo vitatu tutajua tunaelekea wapi.